Kazi ya Ndoo na Kazi ya Duara

Siku moja nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha pili katika shule moja ya sekondari iliyo karibu na mji wa Kahama, mkoani Shinyanga. Mada niliyopewa ilikuwa dhana ya kazi katika fizikia. Nilianza kama waanzavyo walimu wengi. Niliandika ubaoni kwamba kazi ni zao la kani na umbali, kisha nikatoa mfano ambao nilidhani utawachangamsha: mtu aliyejitwika ndoo ya maji akatembea kilomita 3 katika njia tambarare, huyo, kwa mujibu wa fizikia, hakuifanyia ndoo ile kazi yoyote njiani.

Darasa likacheka, ila msichana mmoja aliyeketi nyuma hakucheka. Alisimama, akauliza kwa adabu: “Mwalimu, mimi leo alfajiri nimekwenda kisimani kabla ya kuja shule. Kama sikufanya kazi, mbona shingo inaniuma?”

Nilimpa jibu la kitabuni, naye akaketi. Lakini jioni ile, nilipokuwa nikirejea nilikofikia, sikuwa na raha. Jibu langu lilikuwa sahihi, ila halikuwa jibu la swali lake. Makala hii ni deni ninalomlipa, na kwa kuwa swali lile huulizwa katika madarasa mengi, huenda walimu wenzangu nao wakafaidika.

Neno moja, maana mbili

Chanzo cha kwanza cha utata ni lugha. Katika Kiswahili cha kila siku neno “kazi” lina eneo pana. Karani aliyeketi ofisini yuko kazini, mlinzi aliyesimama langoni usiku kucha amefanya kazi, na mpita njia akimkuta mtu akipalilia pamba humwambia, “Pole na kazi.” Maana hii ya kawaida hutazama juhudi na uchovu wa mtu, na ni maana halali kabisa.

Fizikia imelichukua neno hilohilo na kulipa maana finyu. Kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, hufanya kazi pale tu inapokifanya kitu kisogee, na ni sehemu ile ya kani inayoelekea upande wa mwendo peke yake inayohesabiwa. Kani tunaipima kwa nyutoni na umbali kwa mita. Zao lake ni jouli. Jina hilo ni kumbukumbu ya James Joule, mwanasayansi wa Uingereza aliyeishi kati ya mwaka 1818 na 1889, aliyeonyesha kwa vipimo kwamba kazi na joto ni sura mbili za nishati moja. Kwa kuwa kila kilogramu huvutwa na dunia kwa kani ya nyutoni 10 hivi (kwa usahihi zaidi, 9.8), kuinua kilogramu 1 kwa mita 1 ni kazi ya jouli 10.

Fizikia, basi, haimpi mtu pole wala haimpi sifa. Inaweka hesabu. Inauliza swali moja tu: ni nishati kiasi gani imehama kutoka hapa ikaenda pale? Mwanafunzi akilielewa hilo, nusu ya utata huondoka.

Dhana iliyozaliwa mgodini

Ni vyema wasomaji wa Geita na Shinyanga wakajua kwamba dhana hii ilikulia migodini. Mwaka 1712 Mwingereza Thomas Newcomen alisimika mtambo wa mvuke karibu na Dudley, Uingereza, kwa ajili ya kuvuta maji kutoka katika mgodi wa makaa ya mawe. Baadaye mitambo ya namna hiyo ilienea. Wenye migodi ya Cornwall, ambao makaa yao ya mawe yalitoka mbali na kwa gharama, walitaka kujua ni mtambo upi ulio bora. Walipima uzito wa maji yaliyoinuliwa, wakauzidisha kwa kimo, kisha wakalinganisha na kiasi cha makaa yaliyoteketezwa. Walikuwa wakipima kazi kabla wanasayansi hawajakubaliana juu ya jina lake.

Jina hilo liliwekwa wazi mwaka 1829 na mhandisi Mfaransa, Gaspard-Gustave Coriolis, katika kitabu chake kuhusu hesabu za mashine. Hivyo mchimbaji wa Nyarugusu au Rwamagasa ambaye leo anapigana na maji yanayojaa shimoni mwake anakabiliwa na tatizo lilelile lililoizaa dhana tunayoifundisha darasani.

Ndoo na mwenye kuibeba

Sasa turudi kwa msichana wetu. Ndoo yake ina lita 20 za maji, yaani kilogramu 20, na uzito wake ni nyutoni 200. Anapoiinua kutoka ardhini hadi kichwani, kimo cha mita 1.6, anaifanyia kazi ya nyutoni 200 mara mita 1.6, yaani jouli 320. Kisha anatembea kilomita 3 katika tambarare. Kani ya kichwa chake inaelekea juu, ilhali mwendo wa ndoo unaelekea mbele. Kani haina sehemu yoyote upande wa mwendo. Kwa hiyo, tukiacha mitikisiko midogo ya kuondoka na kusimama, kazi iliyofanyiwa ndoo ni sifuri. Hapa ndipo mwalimu huweka chaki chini, na hapa ndipo mimi nilipokosea kuiweka.

Ikiwa ndoo haikupokea nishati, je, mwili haukutumia nishati? Ulitumia, tena nyingi. Msuli wa binadamu hauko kama mguu wa meza. Meza yaweza kushikilia ndoo mwaka mzima bila kula ugali. Msuli, hata unaposhikilia kitu kilichotulia, umeundwa kwa nyuzi nyembamba sana ambazo hushikana, huvutana na kuachiana mfululizo, na kila mvuto mmoja huteketeza kiasi cha chakula kilichohifadhiwa mwilini. Kwa kuwa mzigo hausogei upande wa kani, nishati hiyo huishia kuwa joto. Kadhalika, mtu anapotembea, mwili wake wote hupanda na kushuka kidogo katika kila hatua, miguu hurushwa mbele na kusimamishwa, na misuli hulipia hayo yote.

Tuhesabu kwa makadirio. Mtu wa kilogramu 50 anayetembea mwendo wa kawaida hutumia jouli 150 hivi kwa kila mita. Kwenda kisimani kilomita 3 ni jouli 450,000. Kurudi na ndoo, tukikadiria nyongeza ya sehemu moja ya tano, ni jouli 540,000. Jumla ni takriban jouli milioni 1. Gramu 100 za unga wa mahindi hutoa takriban jouli milioni 1 na nusu. Kwa hiyo safari moja ya kisimani hula gramu 67 hivi za unga. Linganisha hiyo milioni na zile jouli 320 za kuitwika ndoo. Basi msichana yule alikuwa na haki ya kuchoka, na fizikia haimkatalii.

Suala hili la mzigo wa kichwani limechunguzwa hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1986 Profesa Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kikikuyu na wa Kijaluo. Waligundua kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi sehemu moja ya tano ya uzito wa miili yao bila kuongeza matumizi ya oksijeni. Mzigo ulipozidi hapo, matumizi yakapanda. Mwaka 1995 watafiti wakaeleza sababu: mwendo wa wanawake hao hufanana na timazi linaloning'inia na kubembea, na wakiwa na mzigo huokoa vizuri zaidi nishati ya kushuka ili itumike katika kupanda. Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2010 haukuona nafuu hiyo kwa watu wote. Na tukumbuke kuwa ndoo ya kilogramu 20 kwa mtu wa kilogramu 50 si sehemu moja ya tano. Ni mbili ya tano. Ustadi wa mwendo haufuti gharama yake.

Hesabu hii inatuonyesha pia mahali pa kutafuta nafuu. Kwa kuwa gharama kubwa si ya kuinua maji bali ni ya miguu kuupeleka mwili, chombo chenye magurudumu huleta unafuu mkubwa. Vijana wa mjini Shinyanga wanaobeba abiria kwa baiskeli wanaijua siri hii kwa miguu yao: katika barabara tambarare, mwendesha baiskeli hutumia chini ya nusu ya nishati ambayo angetumia kutembea umbali uleule, kwa sababu uzito wake umekaa juu ya tandiko na mwili hauinuki na kushuka kila hatua.

Winchi haighushi hesabu

Tutoke kisimani twende machimboni. Katika machimbo madogo ya ukanda wa dhahabu wa Geita, shimo la wima huitwa duara. Juu ya mdomo wake aghalabu hufungwa winchi ya mkono: gogo la mviringo lililolazwa juu ya nguzo mbili, lenye mpini wa kuzungushia na kamba inayojiviringisha. Tuchukue kiroba cha mawe cha kilogramu 50 kilicho katika kina cha mita 30. Uzito wake ni nyutoni 500. Kazi ya kukifikisha juu ni nyutoni 500 mara mita 30, yaani jouli 15,000.

Mchimbaji akivuta kamba kwa mikono mitupu, itambidi atoe kani ya nyutoni 500 bila kupumzika. Sasa tuseme gogo la winchi lina nusu kipenyo cha sentimita 10, na mkono wa mpini una urefu wa sentimita 40. Mpini ni mrefu mara nne ya nusu kipenyo cha gogo. Kwa hiyo kani inayohitajika hupungua mara nne, ikawa nyutoni 125. Je, winchi imempa kazi ya bure? Tuhesabu. Kila mzunguko mmoja hupandisha kiroba kwa sentimita 63 hivi, basi mizunguko 48 yatosha. Katika kila mzunguko mkono husafiri mita 2.5, jumla mita 120. Nyutoni 125 mara mita 120 ni jouli 15,000. Hesabu ni ileile.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na hiyo ndiyo kanuni ya winchi, ya wenzo, ya kapi na ya ubao wa kupakilia magunia ya pamba garini. Mashine sahili hairuki deni la kazi. Inamruhusu mtu kulilipa kwa kani ndogo katika umbali mrefu. Kwa kweli inaongeza deni kidogo, kwa sababu ya msuguano. Ikiwa ufanisi wa winchi ni asilimia 80, mchimbaji atatoa jouli 18,750 ili kiroba kipate 15,000. Zilizobaki zitapasha joto gogo, kamba na nguzo. Anayepaka grisi pale gogo linapokalia nguzo anajirudishia sehemu ya jouli hizo.

Kazi iliyowekwa akiba

Hapa tumefika mahali ambapo dhana ya kazi hugusa uhai wa watu. Kiroba kilipofika juu, zile jouli 15,000 zilikwenda wapi? Hazikupotea. Zimewekwa akiba katika kimo cha kiroba, mithili ya fedha iliyo benki, na zinaweza kutoka zote kwa mara moja. Mkono ukiteleza katika mpini, kiroba kitazirudisha zote kwa muda wa sekunde mbili na nusu hivi. Kamba ikikatika, na tukiacha upinzani wa hewa, kiroba kitafika chini kikiwa na mwendo wa mita 24 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 90 kwa saa, kama lori liendalo kasi katika barabara kuu.

Wala si lazima kiwe kiroba kizima. Jiwe la kilogramu 1 lililoachwa ukingoni mwa duara la mita 30 lina akiba ya jouli 300. Nyundo ya kilogramu 2 ikiinuliwa mita 1 na kuachiwa hutoa jouli 20. Kwa hiyo jiwe lile dogo linaloweza kutoshea mkononi likianguka hubeba nishati ya nyundo hiyo ikianguka mara 15, ila yote kwa pigo moja. Kofia ngumu za viwandani, kwa kipimo kinachotumika Ulaya, hujaribiwa kwa pigo la jouli 50 hivi, sawa na kuangushiwa uzito wa kilogramu 5 kutoka mita 1. Kofia ni ya lazima, lakini hesabu inatuambia wazi kwamba haiwezi kuwa kinga peke yake.

Kinga iliyo bora hutokana na kufahamu akiba iko wapi. Mawe yasirundikwe kando ya mdomo wa duara. Ukingo uzungushiwe kizuizi kisichoruhusu jiwe kubiringika. Winchi iwekewe gurudumu la meno na kipande cha chuma cha kulizuia lisirudi nyuma mkono ukiachia. Kamba ikaguliwe kila siku. Na mtu yeyote asisimame chini ya kiroba kinachopanda. Kijana anayeweza kukokotoa uzito mara kimo anaweza kumweleza kaka yake mchimbaji kwa nini mambo haya si woga. Sidhani kama kuna zoezi la fizikia lenye thamani kuliko hilo.

Mtu, mashine na uniti ya umeme

Kuna jambo moja ambalo kazi peke yake haielezi, nalo ni muda. Jouli 15,000 ni zilezile zikitolewa kwa dakika moja au kwa saa nzima. Kiasi cha kazi inayofanywa katika kila sekunde hupimwa kwa wati: jouli 1 kwa sekunde ni wati 1. Mtu mwenye afya anayefanya kazi ya mikono kutwa nzima hutoa wati 75 hivi. Katika saa 8 atakuwa ametoa jouli 2,160,000.

Uniti moja ya umeme tunayolipia majumbani ni jouli 3,600,000. Maana yake ni kwamba uniti moja ina kazi inayozidi ile ya siku moja na nusu ya mtu mwenye nguvu. Katika mgodi wa Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, uliofunguliwa mwaka 2001, mawe hupandishwa kwa mitambo kutoka chini sana ya ardhi. Tukichukua kina cha mita 1,000, kupandisha tani moja ya mawe ni jouli milioni 10, chini kidogo ya uniti 3 ikiwa hakuna upotevu. Kwa mikono, hiyo ni kazi ya mtu mmoja kwa siku karibu tano.

Mfano ulio karibu zaidi na msichana wetu ni maji ya Ziwa Viktoria. Tangu mradi ulipozinduliwa mwaka 2009, maji huvutwa ziwani huko Ihelele, yakasukumwa hadi katika tangi kubwa juu ya kilima cha Mabale, kisha yakateremka kwa uzito wake yenyewe kuelekea Kahama na Shinyanga. Pampu inaweka kazi akiba kilimani, na mabomba yanaitumia akiba hiyo njiani. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba maji yameinuliwa mita 100. Ndoo moja ya lita 20 itahitaji jouli 20,000. Hata nusu ya umeme ikipotea katika mota na mabomba, uniti moja itainua ndoo 90. Safari moja ya msichana yule ilikula jouli milioni 1 kwa ajili ya ndoo moja. Tofauti hiyo ndiyo sababu ya kupeleka bomba vijijini, na imeandikwa kwa lugha isiyohitaji hotuba.

Kwa mwalimu na mwanafunzi

Mwalimu mwenzangu, nakushauri usilifundishe somo hili kwa herufi tupu. Mpime mwanafunzi uzito, mpandishe kimo cha mita 3, umhesabie sekunde. Mwenye kilogramu 50 akipanda kwa sekunde 5 amefanya kazi ya jouli 1,500 kwa kiwango cha wati 300. Mwulize kama angeweza kuendelea hivyo hadi jioni. Wape wanafunzi ubao, kipande cha gogo na mizani ya springi, wakivute juu ya ubao ulioinama na kisha wakiinue wima, wakalinganishe kani, umbali na zao lake. Wale wanaotoka machimboni wapime gogo na mpini wa winchi za kwao, waje na hesabu.

Nilipokuwa ng'ambo nikiandika tasnifu yangu, kazi kwangu ilikuwa alama katika mlinganyo. Swali la msichana wa Kahama lilinirudisha mahali ilikotoka: kwenye maji, mawe, kamba na migongo ya watu. Kama ningesimama tena mbele yake, ningemjibu hivi: “Mwanangu, ndoo haikupokea kazi njiani, lakini wewe umetoa nishati ya jouli milioni moja. Fizikia haisemi kwamba hukuchoka. Inasema kwamba uchovu wako ulikuwa mwingi kuliko ilivyohitajika kwa kazi iliyopatikana, na inatuonyesha wapi pa kuupunguza.”